Goti langu baada ya upasuaji: miezi saba ya fiziotherapia Mtwara

Mwaka wa pili huu tangu nipasuliwe goti la kulia, Dar es Salaam. Niliumia kwenye bonanza la walimu tukicheza netiboli: niliruka kudaka mpira, nikatua kwa mguu mmoja, goti likajipinda kwa ndani na ligamenti ya mbele, ule mkanda wa ndani unaoshikilia mifupa ya goti, ikakatika. Daktari alichukua kano ya nyuma ya paja langu akatengeneza ligamenti mpya. Kwa upasuaji wenyewe sina lawama.

Shida ilianza niliporuhusiwa. Nilipewa magongo, dawa za maumivu na tarehe ya kutoa nyuzi, basi. Mazoezi hakuna aliyeyataja, na hilo linaniuma mpaka leo. Nyumbani nikawa naweka mto chini ya goti kwa sababu likikaa hivyo linatulia. Wiki sita nimelala na ule mto! Goti likakakamaa likiwa limekunjika kidogo. Nikawa nachechemea, jioni linavimba, na nikishuka kwenye bajaji lazima nishike chuma kwanza mpaka lilegee. Mama akisema, "Litazoea, mwanangu." Mwaka ukapita, halikuzoea.

Ndipo nikaanza kliniki ya fiziotherapia Mtwara mjini, mara mbili kwa wiki, nikitokea Mikindani. Siku ya kwanza dada anayenihudumia alinilaza chali, akajaribu kupitisha kiganja chini ya goti langu la kushoto. Hakikupita. La kulia kikapita chote na nafasi ikabaki. "Umeona, mwalimu? Tunaanza na kunyoosha, kukunja kutafuata." Akapima kwa kipimapembe cha plastiki chenye mikono mirefu: digrii 12 zimebaki ili linyooke, na kukunja linaishia 95. Mimi nafundisha hesabu; namba zile zilinieleza hali yangu kuliko yote niliyowahi kuambiwa. Akazungusha futi ya fundi cherehani kwenye mapaja, la kulia likawa pungufu kwa sentimita 4. Goti lisiponyooka lote, misuli ya mbele ya paja haikazi vizuri, inasinyaa, na mzigo wote unabaki kwenye goti.

Mazoezi yenyewe hayana mashine. Kanga iliyoviringishwa inawekwa chini ya kisigino, goti linabaki hewani, unalikandamiza kwenda chini kwa dakika kumi. Au unalala kifudifudi, miguu inaning'inia nje ya kitanda, na mfuko wa chumvi wa nusu kilo umefungwa kifundoni. Linavuta hasa, dakika ya tano nilikuwa natokwa machozi. Anakisogeza pia kifuniko cha goti kwa vidole, juu chini, kushoto kulia, akanifundisha kufanya mwenyewe kila usiku. Na aliniambia wazi kwamba kama wiki zitapita bila digrii kuongezeka, atanirudisha kwa daktari nipigwe MRI, ile picha ya kuona ndani ya goti, maana kovu la ndani linaweza kuota mbele ya ligamenti mpya likazuia goti kunyooka, na hilo mazoezi hayaliondoi. Nilimwamini kuanzia hapo.

Leo zimebaki digrii 2, kukunja nimefika 125. Napanda ngazi za shule bila kushika ukuta. Asubuhi za kusi bado linakaza, na safari ya basi kwenda Dar bado inalichosha. Choo cha kuchuchumaa bado.

Kasoro zipo. Mtaalamu ni mmoja, akisafiri hakuna wa kumshika nafasi. Mlangoni kuna ngazi tisa bila njia ya kiti cha magurudumu. Nimeona mzee akibebwa na wajukuu wawili, na kwa kliniki ya watu wa miguu hilo lirekebishwe haraka. Kipindi ni shilingi 15,000, kwangu inastahili.

Kilichonileta kuandika ni sala. Mwaka mzima nimeswali nimekaa kwenye kiti. Ramadhani hii nimeswali chini, kwenye mkeka, nimeweka mto mdogo kati ya kisigino na paja ninapokaa tahiyatu. Dada ameniambia tukifika digrii 140 tutaujaribu kuutoa.