Programu ya kuhariri picha: ununue ipi kama kinachokusumbua ni rangi

Skrini yako ikiwa inadanganya, programu ghali itakusaidia kukosea kwa ustadi tu. Niliwahi kuhariri picha za harusi nzima kwenye kompyuta ndogo ambayo skrini yake ilikuwa na ubuluu mwingi. Kila picha niliiona baridi, nikawa naiongezea joto kidogo. Albamu iliporudi kutoka kwa mchapaji, bi harusi alikuwa wa manjano kama mgonjwa wa ini. Ndiyo maana nasema pesa ya kwanza iende kwenye kile kifaa kinachobandikwa juu ya skrini kupima rangi zake. Weka nyeupe kwenye kelvini 6,500 (kelvini ni kipimo cha joto la rangi), na mwangaza kama kandela 120 kwa mita ya mraba.

Pia piga RAW, yaani faili ghafi ya kamera ambayo haijabanwa wala kupikwa kama JPEG, picha ya kawaida ya simu na kamera. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi ya msingi. RAW ya biti 14 ina 16,384, na mizani ya nyeupe (yaani nyeupe ionekane nyeupe kweli, si ya buluu wala ya manjano) unaweza kuibadilisha baadaye bila kuiumiza picha.

Sasa programu zenyewe. Kipimo changu ni ngozi ya binadamu, kwa sababu anga likikosewa kidogo hakuna anayelalamika, lakini uso kila mtu anaujua.

Ya kwanza kwangu ni Capture One, inayotoka Denmark. Ina kifaa cha ngozi pekee: unagusa sehemu ya shavu yenye rangi unayoitaka, kisha unavuta vitelezi vitatu, na mabaka mekundu ya pua na masikio yanasogea kuifuata rangi ile. Kazi ambayo kwingine ningeipaka kwa mkono, hapa inakwisha nikiwa sijamaliza chai. Bei yake inauma. Unaweza kulipia kwa mwezi au kwa mwaka, au kununua leseni ya moja kwa moja, ila ya moja kwa moja haikupi vipengele vipya vitakavyotoka baadaye.

Ya pili, darktable, ni ya bure kabisa, na siiweki hapa kwa huruma. Sehemu yake ya kusawazisha rangi inaweza kusoma kadi yenye viraka 24 vya rangi ndani ya picha yako na kurekebisha picha kuifuata kadi hiyo. Tena unaweza kuifungua mara mbili kwenye picha moja: upande wa dirishani uupe mizani yake, upande wa taa uupe yake. Ubaya ni kwamba haina subira na mgeni. Wiki mbili za kwanza utaichukia.

Lightroom Classic naiweka ya tatu, na najua wengi watanishangaa. Kwa kupanga maelfu ya picha ni hodari, na siku hizi inatambua yenyewe ngozi ya uso na ya mwili ili uihariri peke yake. Lakini ni ya kulipia mfululizo. Ukiacha kulipa, picha zako utaziona na kuzitoa, ila chumba cha kuhariri kinafungwa. Hilo hunikera kuliko bei.

RawTherapee nayo ni ya bure na hupata maelezo madogo ya picha vizuri sana. GIMP ni ya kusafisha madoa na kuunganisha picha. RAW haifungui yenyewe, hupitishia kwanza darktable au RawTherapee. Kwenye simu, Snapseed inatosha, na hufungua hata faili za DNG, aina mojawapo ya RAW.

Za kulipia zote mbili zina muda wa kujaribu bure. Usizijaribu kwa picha nzuri za machweo. Chukua picha zilizokushinda: yenye mwanga wa dirisha na wa balbu pamoja, yenye watu wa ngozi tofauti kwenye fremu moja, na yenye shati jeupe lililozidiwa na mwanga hadi likapoteza mikunjo. Hariri zilezile kwenye kila programu, kisha zichapishe na uzitazame mchana.