Duka la kukodisha katuni Ngamiani na rafu yake ya maadui wasiodhurika

Katika mitaa ya Ngamiani jijini Tanga, ambako barabara huitwa kwa namba, kuna chumba cha mbele ya nyumba kinachokodisha vitabu vya katuni, na wapita njia wengi hukidhania kuwa duka la magazeti makuukuu. Sehemu kubwa ya mali yake ni katuni za Kimarekani zilizochapwa upya katika juzuu nene, ambazo mwenye duka amezipanga kwa kufuata maadui, wala hakujali steringi ni nani. Rafu inayostahili safari ya kwenda huko ni ile aliyoitenga kwa ajili ya maadui wasiodhurika.

Mpangilio huo una maana yake. Adui ambaye risasi haimwingii, moto haumuunguzi na kila ngumi anayopigwa humuumiza aliyeirusha, kwa kawaida humweka mwandishi wake mahali pabaya: ama steringi afe mapema na hadithi iishe, ama uzuliwe udhaifu ambao msomaji hakuwahi kuusikia, ili steringi aokoke katika kurasa za mwisho. Mwenye duka amebandika ndani ya jalada la kila juzuu karatasi yenye maswali matatu, yaani ni nini kisichomuumiza adui huyu, ni nini kinachoweza kumzuia, na ni nani anayeumia wakati yeye haumii. Nilipoyasoma kwa mara ya kwanza niliyaona ya kitoto, lakini swali la tatu ndilo lililonifanya nisome upya hadithi ambazo nilikuwa nimezimaliza.

Mfano bora katika rafu hiyo ni Juggernaut, aliyebuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1965. Jina lake halisi ni Cain Marko, ndugu wa kambo wa Profesa Charles Xavier, mwalimu wa kundi la mashujaa liitwalo X-Men, na nguvu zake Cain hutokana na kito chekundu cha Cyttorak, ambacho humpa uwezo ulio rahisi kuueleza: akishaanza kwenda, hakuna kinachomsimamisha. Katika hadithi yake ya kwanza msomaji haoneshwi sura yake mpaka mwisho wa toleo. Tunachooneshwa ni vizuizi vya nyumba ya Xavier vikivunjika kimoja baada ya kingine, huku Xavier akiwasimulia wanafunzi wake jinsi yeye na Cain walivyokua pamoja, hata hofu ikawa imejengwa kwa kuta na milango kabla mtu mwenyewe hajaingia. Kofia yake ya chuma nayo ina kazi maalumu, kwani humkinga dhidi ya Xavier, ambaye huweza kuingia akilini mwa watu, na kwa hiyo msomaji anajua mapema kwamba mwili hauguswi ila akili inaweza kuguswa, endapo kofia itavuliwa. Udhaifu uliotangazwa mapema namna hiyo haupunguzi tishio, kwa sababu kuufikia kunadai mtu amsogelee yule ambaye hasogeleki.

Hata hivyo, ninaipa nafasi ya juu zaidi hadithi ya mwaka 1982 iliyoandikwa na Roger Stern na kuchorwa na John Romita Jr., ambamo Juggernaut anaivuka New York kwenda kumchukua Madame Web, mtabiri mwanamke, mzee asiyeona, ambaye uhai wake unategemea kiti chenye mitambo. Spider-Man anajaribu kila mbinu aliyonayo, na Juggernaut hamchukii wala hamjali, anakwenda tu. Anapomtoa yule mzee kitini, mzee anaanza kukata roho, na adui akitambua kwamba hatamfaa tena anamwacha na kugeuka arudi alikotoka. Hapo ndipo swali la tatu linapofanya kazi yake, kwa kuwa ngozi ya Juggernaut haikuwahi kuwa jambo la kuogopesha. Linaloogopesha ni mwili dhaifu uliosimama kati yake na anachokitaka. Mwishowe anazama katika zege bichi la msingi wa jengo. Hakuumia hata kidogo wala hakushindwa kwa nguvu, ila uzito wake na ukaidi wake vilimpeleka chini, na kanuni iliyowekwa mwaka 1965 ikabaki nzima.

Sisi wa pwani tuna kipimo chetu cha mambo haya katika tenzi za Fumo Liyongo, ambaye hakuuawa na silaha yoyote ila sindano ya shaba ya kitovuni, siri iliyotoka kinywani mwake mwenyewe ikamfikia mwanawe aliyehadaiwa. Wengi hukumbuka sindano. Mimi hukumbuka yaliyofuata, kwamba alikufa amepiga goti karibu na kisima, mshale ukiwa kwenye uta wake, na watu wa mji wakaogopa kuchota maji kwa sababu hawakujua kama yu hai. Ni waandishi wachache wa Kimarekani waliofika hapo, pa kumfanya mtu asiyeweza tena kupiga awe bado anazuia maji ya mji mzima.

Doomsday, aliyetokea mwaka 1992 na kumuua Superman, yumo katika juzuu mbili, na juzuu hizo hazilingani kwa ubora. Ya kwanza imefanywa kwa ustadi wa mchoro kuliko wa maneno. Anawashinda mashujaa wa kundi la Justice League mkono wake mmoja ukiwa umefungwa mgongoni, na kabla ya hapo anamponda ndege mdogo aliyetua kiganjani mwake, kitendo kinachotosha kutueleza kwamba hapa hakuna mazungumzo. Kadiri pambano la mwisho linavyokaribia, picha katika kila ukurasa hupungua toleo kwa toleo kutoka nne hadi tatu, kisha mbili, hadi pambano lenyewe likachorwa kwa picha moja moja zinazojaza ukurasa. Juzuu ya pili ni ya mwaka 1994, kazi ya Dan Jurgens, na inaeleza asili yake: kiumbe aliyeuawa na kufufuliwa mara nyingi na mwanasayansi aitwaye Bertron, hadi ikawa kilichomuua mara moja hakimuui tena. Kanuni hiyo ni nzuri mno, kwa maana kila ushindi wa steringi unamnyima silaha moja, lakini inamsukuma mwandishi ukutani, hata Superman, aliyekuwa amefufuka, akalazimika kumpeleka adui mwisho wa zama zote ili kumwondoa. Nilivutiwa na wazo kuliko utekelezaji wake.

Absorbing Man, naye wa mwaka 1965, ni burudani ya jioni moja: anageuka kila anachokigusa, na shujaa Thor akamhadaa akawa gesi nyepesi ya heliamu, akapaa. Ultron, roboti mwenye mwili wa adamantiamu, metali ya kubuni isiyovunjika, sikumwona wa kutisha katika juzuu iliyopo, ambayo inamweleza zaidi kuliko inavyomwacha atende.

Kuhusu huduma yenyewe, kukodi juzuu moja ni shilingi 1,000 kwa siku 3, pamoja na amana ya shilingi 10,000 inayorudishwa kitabu kikirudi salama, na bei hiyo ni ya haki kwa vitabu ambavyo kuvinunua hapa mjini ni shida. Vitabu vyote ni vya Kiingereza, ila mwenye duka humsimulia kwa Kiswahili mteja asiyekisoma vizuri, na husimulia bila kufichua mwisho. Kasoro ziko mbili. Unyevu wa bahari umeanza kugandisha kurasa za juzuu zilizo rafu ya chini, na hakuna dalili ya kuzihamisha. Tena duka hufungwa bila tangazo, hata mteja aliyepanda baiskeli kutoka Chumbageni akakuta kufuli. Juzuu ya pili ya Doomsday ina nakala moja tu na hushikiwa zamu kwa kuandikisha jina katika daftari lililo mlangoni, kwa hiyo mwenye haraka aombe Juggernaut, ambaye nakala zake ni tatu.