Jiwe la kaunta ya jikoni: la kununua na la kuacha

Dukani kila jiwe gumu linalong'aa huitwa granaiti, na jina hilo peke yake halikuhakikishii chochote. Omba kipande cha mabaki ya bamba unalolitaka, ukipime kwa ndimu na maji kabla ya kulipa.

La kwanza kwa jikoni ni jeusi la asili. Lile la Mutoko, Zimbabwe, ni doleriti, jiwe jeusi lililotokana na zaha iliyopoa. Black Galaxy, linalochimbwa Chimakurthi nchini India, ni jamii ya gabro, jiwe la asili hiyo hiyo lenye chembe kubwa zaidi, na vimeta vyake vinavyofanana na dhahabu ni madini ya bronzaiti. Chembe za mawe haya zimeshikana sana, mafuta hayapati pa kupenya. Shida ni kwamba mawe ya kijivu hupakwa rangi yauzwe kama meusi. Lowesha kitambaa cheupe kwa asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, usugue uso wa jiwe kwa nguvu. Kitambaa kikitoka cheusi, liache: ndimu na sabuni zitalichubua, libaki na mabaka yasiyofutika.

La pili ni Blue Pearl kutoka Larvik, Norwei. Madini yake ya feldspa hutoa mng'ao wa buluu kadiri unavyosogea, kwa hiyo litazame likiwa limelazwa, siyo limesimama.

Granaiti halisi, yenye madini ya kwatzi, feldspa na maika, inashika nafasi ya tatu, hasa zile za rangi nyepesi. Dondoshea maji, subiri dakika 10. Hapo pakiwa na rangi nzito zaidi, jiwe linakunywa. Manjano na mafuta ya kupikia yataacha doa usipolipaka dawa ya kuziba vinyweleo. Rudia dawa kila maji yanapoanza kuzama tena.

Marumaru ni ya mwisho (jiwe lenyewe, siyo vigae vinavyoitwa hivyo madukani). Ni madini ya kalsaiti, ugumu wake 3 tu kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, na kisu huikwaruza. Ndimu ikidondoka juu yake huila, mng'ao ukafa palepale. Dawa ya kuziba haizuii hilo, kwa sababu kinacholiwa ni jiwe, siyo doa linaloingia. Marumaru iwekeni ukutani.

Bamba la milimita 20 lina uzito wa kilo 55 hadi 60 kwa mita ya mraba, hivyo kabati lazima liwe imara na limenyooka sawasawa. Mwambie fundi aviringishe pembe za tundu la sinki. Pembe kali ndipo ufa unapoanzia. Na libebwe limesimama wima: likilazwa kwenye gari, tuta moja tu linalivunja.