Raba za Basketboli za Zamani: Kabla ya Kulipa, Omba Kuona Soli

Nilipiga hatua tisa. Ya kumi, soli ya mguu wa kulia ikabaki sakafuni, imevunjika vipande kama keki iliyokauka. Raba za miaka ya 90 zile, na boksi lake, ngozi inang'aa. Muuzaji aliapa hazijawahi kuvaliwa. Kweli hazikuwa zimevaliwa.

Rangi na boksi kila mtu anaviangalia. Wewe angalia soli ya kati, tabaka laini lililo kati ya mguu na mpira unaokanyaga ardhi. Nyingi za mwishoni mwa miaka ya 80 na za 90 ni za poliurethani, sponji nzito ambayo unyevu wa hewa huila polepole hata kiatu kikiwa kabatini. Huanza kuwa ya njano, ikatoa nyufa nyembamba kama nywele, na ukiibonyeza kwa kidole gumba inaacha unga.

Kati ya raba za zamani za kununua, kwangu ya kwanza ni adidas Superstar, na sifichi kwamba naipendelea. Ilitoka 1969. Nyota wa basketboli Kareem Abdul-Jabbar aliichezea, kisha kundi la rap la Run-DMC wakaivaa bila kamba. Tazama ile mistari mitatu: kingo zake zimekatwa meno meno kama msumeno. Halafu pitisha kidole kwenye mfereji unaozunguka soli, utaugusa uzi. Mpira mgumu, umeshonwa.

Ya pili, Air Jordan 1 ya Nike ya 1985, kazi ya mbunifu Peter Moore. Nayo soli yake imeshonwa.

Ya tatu ni Air Jordan 3 ya 1988. Kwa uzuri ingeongoza: mbunifu Tinker Hatfield aliipa mchoro wa mikunjo kama ya ngozi ya tembo nchani na kisigino, na kidirisha cha kuonyesha mfuko wa hewa. Lakini soli ni poliurethani. Nunua toleo la marudio la karibuni, soma tarehe ya kutengenezwa kwenye lebo ya ndani, na uivae.

Huna pesa nyingi? Converse Chuck Taylor, turubai na mpira.

Kinachoniuma ni wauzaji. Picha kumi na mbili: nembo, kamba, kifuniko cha boksi, hata karatasi ya kufungia. Soli hakuna. Ukiomba waibonyeze mbele ya kamera, wanakasirika eti unawashuku. Na neno "haijavaliwa" linapandisha bei maradufu, wakati kwa poliurethani ya miaka 30 lingepaswa kuishusha. Wangu nilimwandikia mara nne. Alijibu mara moja tu, kwamba kiatu kilitoka kwake kikiwa kizima.