Drili ya elfu 95 kutoka Majengo: miezi mitatu, madirisha tisa na bomba moja la maji

Jamani naandika hii kwa sababu kabla sijanunua nilitafuta mtu wa kuniambia ukweli nikamkosa, kila unayemuuliza anakwambia chukua Makita, chukua Bosch, kana kwamba hela tunazivua Mtera pamoja na perege.

Sisi tulihamia Nzuguni, hapa Dodoma, nyumba ikiwa na plasta tu, finishi tunaimalizia humohumo ndani mdogo mdogo. Fundi wa fimbo za pazia alisema 7,000 kwa dirisha, madirisha yako tisa, akaja siku nne baada ya ile aliyoahidi, akafunga moja, limepinda, akaenda "kuchukua skrubu" na mpaka leo anachukua. Tangu serikali ihamie huku mafundi wazuri wote wako saiti za wenye nazo, sisi wa pazia tunaachiwa fundi maiko. Basi nikasema hapana, naenda Majengo mwenyewe.

Hadweani muuzaji ananiangalia, "dada, si bora mzee aje achague mwenyewe?" Nikamwambia mzee ndo mimi, chomeka hiyo nisikie inavolia. Alianzia 110,000 tukamalizana 95,000, na kilichonisaidia kushusha ni kwamba boksi limeandikwa wati 850 ila kile kibati kwenye mwili wa mashine kinasema 650. Nilimuonyesha kwa kidole, akacheka. Kwa hiyo la kwanza kabisa, soma kibati, boksi achana nalo. Brand siitaji maana ukienda duka la pili unaikuta hiyohiyo kwa jina lingine.

Ndani kuna drili yenyewe ya waya, mdomo wake unameza biti (vile vyuma vya kutobolea) mpaka milimita 13, mkono wa pembeni, kifimbo cha kupimia kina cha tundu, kaboni mbili za akiba, biti tano na kale kaufunguo ka kukazia mdomo. Juu ina kaswichi kenye picha mbili, ya nyundo na ya biti. Kwenye nyundo inazunguka huku inagonga, hiyo ni ya ukuta. Kwenye biti inazunguka tu, hiyo mbao, chuma na marumaru. Mume wangu alitoboa mlango wa kabati kwenye nyundo, sitaki hata kulizungumzia.

Ukuta wa kawaida wa tofali za simenti raha tupu. Biti namba 8, sekunde kumi na kitu tundu limekamilika, unapuliza vumbi, unagonga fisha namba 8 (vile viplastiki vya kushikia skrubu), unakaza. Jirani aliniogopesha eti itamaliza LUKU. Wati 650 hata uishikilie saa zima bila kuachia haifiki uniti moja, na nani anatoboa saa zima?

Sasa lenta. Hapa ndo penyewe. Fimbo ya pazia inafungwa juu ya dirisha, na juu ya dirisha ndo kuna lenta, yaani zege la kokoto na nondo ndani, na hii drili inagonga kwa meno madogo tu ya ndani yanayosuguana, nguvu nyingi inategemea wewe unavyosukuma. Dirisha la sebuleni nilisukuma nikiwa juu ya stuli mpaka mabega yakafa ganzi, tundu limeingia sentimita moja. Nikatoa biti, ncha imegeuka ya bluu na imekuwa butu kama kidole. Ilikuwa moja ya zile tano za bure. Ya pili nayo hivohivo, ya tatu ikakatika. Nikarudi mjini nikanunua biti moja ya zege ya 6,000 yenye kipande kigumu kimechomelewa kwenye ncha, na hiyohiyo moja imefanya madirisha manne. Kila mara naitoa nje ipumue na itoe vumbi. Ukisikia sauti imebadilika inakuwa kali ya chuma na haisogei, hiyo nondo, hamisha tundu sentimita mbili tatu usishindane nayo. Madirisha yaliyobaki lenta yake ilikuwa balaa, nikakodi kwa fundi wa saiti ile mashine kubwa ambayo biti zake zina mifereji kwenye shina, 10,000 kwa siku. Ile inapiga yenyewe, wewe unaielekeza tu. Asubuhi moja nikamaliza yote. Kwa hiyo kama kazi yako kubwa ni lenta, kodi tu, usinunue hii.

Bafuni kosa ni langu, mashine sio ya kulaumiwa. Nilitaka kishubaka cha sabuni. Marumaru nilitoboa vizuri kabisa, selotepu juu ili biti isiteleze, nyundo nimezima, biti yenye ncha kama mkuki, polepole. Ila nilitoboa juu ya koki, wima kabisa. Ya waya nilikuwa naijua, kwamba kutoka kwenye swichi unapanda wima kwenda darini, ya bomba sikuiwaza. Lile vumbi jeupe likaanza kutoka limekuwa uji, halafu maji yakaniruka usoni, na ndo ilikuwa siku ya mgao wetu, presha imejaa! Watoto wanashangilia, mi nakimbia nje kutafuta koki kuu. Fundi bomba 25,000, marumaru nne zimevunjwa na za rangi ile hazipo tena, bafu sasa lina kiraka. Kishubaka nimekifunga ukuta wa pili kwa skrubu za stenlesi, maana maji yetu ya Dom na chumvi yake skrubu za kawaida zinaoza fasta.

Mengine madogo: waya wake mfupi, bila ekstensheni hufiki darini. Inapata moto ukiibana sana, ipumzishe. Na vaa miwani ya kukinga macho, vumbi la lenta sio lile la barabarani tulilozoea.

Ningeipa nne kwa tano, biti zake sifuri. Wiki iliyopita jirani yule wa LUKU kaja kuiazima "nusu saa tu mama", leo siku ya sita. Ila kaufunguo kalibaki kwangu kwenye droo, na biti iliyokazwa mle ni ya mbao.