Kampuni ya ndege iliyokataa kuturusha

Kazi yangu ni kupanga safari za wataalamu wa afya kutoka Dodoma kwenda sehemu ambazo masika barabara hazipitiki, kwa hiyo ndege za kukodi nazijua vizuri. Hii ninayoisifu ni kampuni ndogo yenye Cessna ya injini moja. Jina silitaji kwa kuwa ofisi yetu ina mkataba nayo. Naipa nyota nne, na zote nne ni kwa jinsi wanavyoyaheshimu mawingu.

Machi tulikuwa na timu ya kwenda Haydom, mkoani Manyara. Dodoma jua kali, mizigo imeshapimwa, abiria nao wameshapanda mizani. Rubani akasimama kando ya bawa, anaongea kwa simu na mlinzi wa kiwanja cha kule. Hakumuuliza kama hali ya hewa ni nzuri. Alimuuliza: "Miti ya mwisho wa kiwanja unaiona? Na kilima cha nyuma yake je?" Miti ilionekana, kilima hakikuonekana. Safari ikasimama.

Daktari wetu mmoja akaja juu: "Kapteni, jua lote hili, tunasubiri nini?"

"Daktari, hapa naona. Ninakokupeleka ndiko sioni."

Akatandaza ramani juu ya boksi la chanjo, akatuonyesha Mlima Hanang, zaidi ya mita 3,400, mkono wa kulia wa njia yetu, na alama aliyopiga kwa kalamu: akifika hapo ardhi haionekani vizuri, anageuza. Tuliondoka saa tano na kitu, baada ya mlinzi kupiga mwenyewe kusema kilima kimetokeza.

Ndege hizi mara nyingi huruka kwa macho, yaani rubani anaongozwa na anachokiona nje, na chini ya futi 10,000 kanuni inataka rubani aone angalau kilomita 5 mbele. Milimani kuona huko hubadilika ghafla. Upepo wenye unyevu ukigonga mlima hupanda na kupoa, wingu linajifunga hapohapo hata kama tambarare yote ni kweupe. Anayejipenyeza chini ya wingu hujikuta ndani ya bonde linalozidi kubana, hana pa kugeuzia. Akiingia winguni bila mafunzo ya kuruka kwa kusoma vyombo vya ndani ya ndege, sikio, ambalo ndilo hutupa hisia ya usawa, humdanganya: ndege inapinda, yeye anahisi imenyooka. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu marubani 20 wa namna hiyo. Wote walishindwa kuimudu ndege, kwa wastani wa sekunde 178.

Juni 2018 Cessna Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare, watu 10 wakafa. Juni 2024 ndege iliyombeba Makamu wa Rais wa Malawi, Saulos Chilima, ilishindwa kutua Mzuzu kwa sababu ya kutoona, ikaambiwa irudi Lilongwe, ikaangukia msitu wa Chikangawa na wote 9 wakafa. Kumbe hata kugeuza njiani kunaweza kuwa kumechelewa. Ndiyo maana nawapenda wanaoamua mapema, matairi yakiwa bado Dodoma.

Kampuni nyingine niliyoiuliza kabla yao, watafanya nini wakikuta wingu, ilinijibu, "Tutapita chini yake." Nikaifuta kwenye orodha siku hiyohiyo.

Nyota ya tano nimeibania kwa sababu ya pa kusubiria: viti vya plastiki juani, hakuna hata maji. Na ankara ilikuja na gharama ya kusubiri ambayo hakuna aliyetuambia mapema. Waliifuta nilipouliza, lakini isingefaa kuwepo.

Ukiwakodi masika, acha siku moja ya ziada kwenye ratiba, na watake waandike kwenye mkataba kwamba safari ikiahirishwa kwa hali ya hewa hulipi faini. Kwetu waliandika bila kubishana.