Msimu mpya wa muziki wa chemba Kisumu: uzoefu wangu

Matamasha mengi ya hapa Kisumu huanza na spika. Zinapangwa hadi juu, zinajaribiwa mchana kutwa, na ikifika usiku besi inakugonga kifuani hata ukiwa nje ya lango. Msimu huu mpya wa muziki wa chemba, unaofanyika katika ukumbi mdogo mtaani Milimani, hauna kipaza sauti hata kimoja. Wanamuziki wanne wanaingia, wanaketi nusu duara, wanatazamana, wanaanza. Nimeufuata tangu jioni ya ufunguzi, na shilingi 1,000 ninazolipa mlangoni kwa M-Pesa sizionei uchungu.

Kwa ambaye hajawahi kwenda: huu ni muziki wa ala chache, usio na kondakta wa kuwaongoza wapigaji, ambapo kila mpigaji ana sehemu yake peke yake na hakuna wa kumfichia kosa. Kikundi kinachojulikana zaidi ni kwarteti ya nyuzi, yaani fidla mbili, viola (fidla kubwa kidogo, yenye sauti ya chini zaidi) na selo (kubwa zaidi, yenye sauti nzito). Mtunzi Joseph Haydn, aliyefariki mwaka 1809, aliandika kwarteti, yaani kazi za kikundi hicho, zaidi ya 60, na ndiye aliyeufanya mtindo huo uheshimike. Jioni ya kwanza ilifunguliwa na mojawapo. Fidla ya kwanza ilitoa kipande kifupi cha melodia, selo ikakidaka, fidla ya pili ikakigeuza, na watu waliokuwa wakichezea simu wakaziweka mfukoni. Sehemu ya kwanza ilipoisha tulipiga makofi, bwana mmoja akatugeukia kwa hasira. Muziki ulikuwa bado haujaisha, kweli, lakini enzi za Haydn wasikilizaji walipiga makofi katikati bila shida. Waandaaji wawaache watu wafurahi.

Ukienda, wahi uketi mbele. Kutoka nyuma viola inamezwa na fidla, na ukikosa viola umekosa nusu ya raha. Kutoka safu za mbele unasikia upinde unavyogusa uzi, unasikia hata mpiga selo akivuta pumzi kabla ya kuingia. Usishangae pia wakisimama mara kwa mara kukaza nyuzi. Mbao za ala hizi hunywa unyevu, na jioni zetu za kando ya ziwa zina unyevu na joto la kutosha kuvuruga fidla nzuri kabisa.

Kilichonishika hasa ni kwarteti ya mtunzi Mcheki Dvořák inayoitwa ya Kimarekani. Aliiandika majira ya joto ya 1893 huko Spillville, kijiji cha wahamiaji wa Kicheki katika jimbo la Iowa, alikokwenda kupumzika kutoka kazi yake ya kuongoza chuo cha muziki jijini New York. Rasimu aliimaliza kwa siku 3. Melodia ya kwanza haikupewa fidla, ilipewa viola, na imejengwa juu ya noti tano tu. Ilipoanza, mama mmoja aliyeketi mbele yangu, aliyeniambia baadaye kwamba hajawahi kusikia kwarteti maishani, alianza kutikisa mabega kana kwamba wimbo anaujua. Mimi pia nilihisi hivyo. Mtu aliyekulia huku, kwenye nyimbo za harusi na za matanga, hahitaji kufafanuliwa ile melodia.

Na hapo ndipo penye neno langu kwa waandaaji. Jioni moja walimwalika mzee mpiga orutu, fidla ya Waluo, kutoka upande wa Siaya. Orutu ina uzi mmoja tu, na kisanduku chake cha sauti kimewambwa ngozi ya kenge, lakini mzee alipoanza kuvuta upinde ukumbi mzima ulinyamaza kuliko ulivyonyamazia Haydn. Mpiga selo akasogeza kiti na kumwekea sauti ya chini, taratibu, akimsikiliza kwa makini. Halafu, dakika chache tu, ikatangazwa mapumziko ya chai na mzee akaondoka. Niliumia. Walimtumia kuchangamsha watu, na alistahili nusu ya pili yote.

Muziki wa watu wachache ndani ya nafasi ndogo si mgeni Nyanza wala Magharibi. Nyatiti, kinubi cha Waluo, ina nyuzi 8, na mpigaji huketi chini, akagonga ala kwa pete ya kidole cha mguu huku njuga zikilia mguuni: mtu mmoja, lakini unasikia watatu. Haikutengenezewa uwanja, ilitengenezewa boma na wageni walioketi karibu. Wabukusu wana litungu, Wakisii wana obokano yenye sauti nzito ya chini ambayo ningetoa hela nyingi kuisikia ikikaa karibu na selo katika ukumbi huu huu. Naomba jioni nzima ya namna hiyo msimu huu huu, maana wapigaji wako karibu na wasikilizaji wameshaonyesha wanataka nini.

Kuna mengine madogo. Karatasi ya programu imeandikwa kwa Kiingereza pekee, na yule mama wa mabega aliikunja akaitumia kujipepea. Kuanza kunachelewa karibu nusu saa. Paa ni la mabati, na mvua ya jioni ikishuka hakuna kwarteti inayoweza kushindana nayo, kwa hiyo msimu wa mvua ni heri waanze saa kumi alasiri. Usafiri si tatizo, tuktuk zinasubiri langoni hadi watu waishe.

Jioni inayofuata ni ya klarineti na ala nne za nyuzi, kazi ya Mozart ya mwaka 1789, na tiketi nimeshachukua, yangu na ya mama yangu. Wanafunzi wanalipa shilingi 300. Mwenye kijana anayejifunza ala yoyote, hata rekoda ya shuleni, ampeleke akaketi safu ya kwanza, karibu na vidole vya wapigaji.